Kinu cha ghorofa ya 7: kisa cha kelele za sakafu mjini Daejeon

Familia yenyewe ni ya Kitanzania. Baba ni mtafiti katika taasisi moja mjini Daejeon, Korea Kusini, mama kamfuata kwa visa ya familia, na watoto ni wawili, wa miaka 6 na wa miaka 3. Wanakaa ghorofa ya 7 kati ya 15, kwenye jengo la mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waliingia Agosti. Ilipofika katikati ya Oktoba, jirani wa ghorofa ya 6 alikuwa akigonga dari yake kwa mpini wa ufagio, baba alikuwa ameacha kusalimia watu kwenye lifti, na ofisi inayosimamia majengo ilishaandika namba ya nyumba yao kwenye daftari la malalamiko. Hapo ndipo nilipoitwa kutafsiri. Wamekubali nikisimulie kisa hiki mradi nisitaje jina la mtu wala la jengo.

Ukikisikia juu juu utasema Wakorea hawapendi wageni, au utasema Waafrika wana kelele. Nilisikia yote mawili: la kwanza kutoka kwa baba, la pili kutoka kwa mzee mlinzi, tena akalitamka kwa upole kabisa. Yote mawili yanaruka jambo la kwanza, nalo ni jengo.

Zaidi ya nusu ya nyumba za kuishi nchini Korea Kusini ni za ghorofa ndefu zinazoitwa apateu. Sehemu kubwa yake imejengwa bila nguzo wala boriti: zege la sakafu limekaa moja kwa moja juu ya kuta za zege, na kuta hizohizo ndizo zinazobeba uzito wote. Ni ujenzi wa haraka na wa bei nafuu. Ubaya wake ni kwamba mshindo ukishaingia kwenye zege hauna pa kuishia, unateremka na kuta hadi chumba cha mtu mwingine. Unene wa milimita 210 kwa sakafu za namna hii ulikuja na kanuni za katikati ya miaka ya 2000. Majengo ya zamani kama hili la rafiki zangu mengi yana sakafu nyembamba kuliko hapo. Juu ya zege kuna ondol, yaani mabomba ya maji ya moto yaliyofukiwa kwenye saruji ili kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Kwa sababu ya joto hilo sakafu ndiyo mahali pa kuishi. Viatu vinabaki mlangoni, watu wanakaa chini, wanakula chini, wengine wanalala palepale. Zulia nene halipendwi kwa kuwa linazuia joto. Matokeo yake ni kisigino kitupu juu ya sakafu ngumu, na mshindo huo Wakorea wenyewe wameupa jina la balmangchi, nyundo ya mguu. Wanalaumiana wao kwa wao kila siku kabla hata hujafika.

Sasa kwenye nyumba ya namna hiyo mama akaingia na kinu.

Si kile kikubwa cha kukobolea mpunga. Ni kinu cha mti cha jikoni, kinafika chini kidogo ya goti, na mchi wake. Anatwangia karanga za kuunga mboga, vitunguu saumu, pilipili, na siku akipata kisamvu cha kugandishwa kutoka maduka ya wageni hukipitisha humo tena, maana anasema kile cha mashine kimekaa kama majani ya chai. Mchana yuko darasani anasoma Kikorea. Jioni ni ya watoto. Wakishalala, saa 3 na kitu usiku, ndipo anapoandaa chakula cha kesho, ameketi kwenye kigoda, kinu kiko sakafuni katikati ya miguu. Kwake ile ndiyo saa ya utulivu ya siku nzima. Na yule wa miaka 3 huamka saa 12 kasoro asubuhi, anatimua mbio kutoka chumbani hadi sebuleni na kurudi.

Malalamiko yalianza Septemba, lakini familia haikujua. Hapa ningependa watu wasome polepole, kwa sababu kwa maoni yangu kosa kubwa la kisa kizima liko hapa na si kwenye kinu. Kwenye apateu jirani hapandi kukugongea mlango. Anapiga simu ya ukutani kwa mlinzi, au anakwenda ofisi ya usimamizi. Sheria ya usimamizi wa nyumba za pamoja, kifungu cha 20, inaipa ofisi hiyo nguvu ya kumtaka mwenye kelele azipunguze. Ofisi nayo huanza kwa njia ya mbali kabisa: tangazo. Kila nyumba ina spika ndogo kwenye dari ya sebule. Inalia kengele, kisha sauti ya upole inasema kwamba baadhi ya wakazi wanapata usumbufu, tafadhali wazazi wazuieni watoto kukimbia, tafadhali tuepuke kutwanga na kutumia mashine usiku. Haitaji nyumba yoyote. Baada ya hapo inabandikwa karatasi kwenye lifti, nayo haitaji nyumba yoyote.

Mama alikuwa amezizoea zile sauti za darini. Alidhani ni habari za maji kukatwa au uchafu wa kuchambua. Wiki mbili, tatu, jengo zima lilikuwa linaambiwa habari zake kwa heshima, na yeye akiwa chini ya spika anatwanga. Kisha mlinzi akapiga simu ya ukutani. Mama akajibu kwa adabu kwa neno pekee la kukubali alilolijua, akaagana naye. Mlinzi akaandika kwamba ghorofa ya 7 wameelezwa na wamekubali. Jirani wa chini akaambiwa hivyo hivyo. Usiku ule kinu kikalia kama kawaida, na kwa huyo jirani hiyo haikuwa tena kelele, ilikuwa dharau.

Ndipo ufagio ulipoanza.

Baba alipotambua kwamba kule kugonga kwa chini kunajibu mchi wa mkewe, alifanya ambalo mtu yeyote aliyelelewa uswahilini angelifanya. Alimwambia mkewe akaange sambusa, akazipanga kwenye sahani, akafunika kwa kitambaa, akashuka ngazi kwenda kubisha hodi. Kwetu jirani mliyekorofishana naye unamwendea. Chakula ndicho kinachofungua mazungumzo, lawama zinafuata baadaye, tena kwa mzaha. Saa 3 na nusu usiku akabonyeza kengele. Taa ya kamera ya mlangoni ikawaka. Akangoja. Akabonyeza tena, akasema jina lake na namba ya nyumba yake kwa Kikorea cha kubahatisha. Mlango haukufunguliwa. Baada ya dakika chache mlango wa lifti ukafunguka, akatoka mlinzi, akamwomba arudi juu.

Alirudi na sahani yake. Aliponipigia simu maneno yake ya kwanza yalikuwa kwamba wamekikataa chakula chetu.

Nilimweleza alichokuwa hakijui. Februari 2013, siku za sikukuu ya Seollal, ugomvi wa kelele za sakafu katika jengo moja la Seoul uliishia kwa ndugu wawili kuuawa kwa kisu, na nchi nzima ikatetemeka. Mwaka huohuo Mahakama ya Wilaya ya Kati ya Seoul, katika shauri jingine la ghorofa ya juu na ya chini, ilimkataza mkazi wa chini, aliyekuwa akilalamikia kelele, kuingia nyumbani kwa wa juu, kupiga kengele na kugonga mlango. Haikumkataza kupiga simu, kutuma ujumbe wala kugonga dari. Msomaji wa kwetu ataona imekaa kinyume: kugonga dari kunaruhusiwa, kubisha hodi hakuruhusiwi! Lakini mantiki yake ni kwamba mlango ndio mahali ambapo watu wawili wenye hasira wanaonana uso kwa uso bila mtu wa tatu. Hata huo ufagio una mpaka wake: Desemba 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba anayepiga kelele za makusudi mfululizo ili kumwadhibu jirani anaweza kutiwa hatiani chini ya sheria ya kuzuia kumwandama mtu, iliyoanza kutumika 2021. Kwa hiyo mama wa chini, aliyemwona kwenye kioo kidogo mwanamume asiyemjua, usiku, siku za ugomvi, ameshika kitu kilichofunikwa, alifanya alichofundishwa kufanya.

Je, angefungua kama aliyesimama pale angekuwa Mkorea? Baba aliniuliza hivyo, na sikutaka kumpa jibu la kumtuliza tu. Naamini wengi wasingefungua kwa yeyote saa ile. Naamini pia kwamba rangi yake haikumsaidia, na kwamba yule mlinzi asingemwambia mpangaji wa Kikorea kuwa watu wa kwao ni wa ngoma. Mambo yote mawili yalikuwepo pale mlangoni kwa pamoja. Ninachokataa ni kulichukua la pili na kuliita chanzo, kwa kuwa ukifanya hivyo hubaki na la kufanya isipokuwa kununa.

Sahani ilikuwa sahihi, ila ilichelewa miezi miwili. Wakorea nao wana desturi ya mkazi mpya kugawa keki za mchele zenye maharage mekundu kwa majirani siku anapoingia. Kwenye majengo marefu desturi hiyo imefifia, lakini maana yake haijasahaulika, na mgeni anayepita mchana wiki ya kwanza na kifurushi kidogo, akasema tuna watoto wawili, mtuvumilie, anaeleweka mara moja. Hapo wa chini anakuwa na sura ya kuiweka juu ya kelele. Zawadi hiyohiyo ikija katikati ya ugomvi, usiku, inasomeka kama shinikizo. Watu wetu wanaofika Korea huambiwa sana kuhusu kuinama na kupokea kitu kwa mikono miwili. Sijasikia anayewaambia habari ya wiki ya kwanza.

Tulichofanya baada ya hapo kilikuwa cha kiofisi, na kilinichosha. Niliandika kwa Kikorea karatasi ya nusu ukurasa: samahani, umri wa watoto, saa tunazolala, na kwamba mama wa nyumba angependa kuonana ofisini mchana, siku yoyote. Hatukuibandika mlangoni. Tulimkabidhi mkuu wa ofisi ya usimamizi. Alitushauri tusiambatanishe zawadi yoyote kwanza. Siku ya nne jirani akakubali.

Alikuwa mwanamke wa umri wa miaka hamsini hivi, ameshika daftari. Aliinama, akakaa, hakumwangalia mama usoni. Tulipata habari dakika ya pili tu kwamba mwanawe wa kiume yuko mwaka wa mwisho wa sekondari ya juu na kwamba Suneung iko mbele yao mwezi ujao. Asiyeijua Suneung ajue hivi: ni mtihani wa kuingia chuo kikuu, unafanyika siku moja ya Alhamisi mwezi Novemba, ofisi nyingi hufungua kwa kuchelewa ili foleni isiwazuie watahiniwa, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege haziruhusiwi kupaa wala kutua. Nchi inanyamazisha ndege kwa ajili ya mtihani huu, na huyu mama ana kinu juu ya dawati la mwanawe.

Akatoa simu, akaweka rekodi mezani. Sauti ilikuwa ya chini, nzito: dum, dum, dum, kisha kituo kifupi, mtwangaji anakusanya zilizopanda pembeni, kisha dum, dum tena. Mama alisikiliza, akanigeukia: "Shemeji, huyo ni mimi." Alicheka kwa aibu, akafunika mdomo. Nilitafsiri sentensi ile bila kuongeza kitu, na kwa mara ya kwanza jirani akamtazama. Akauliza anatwanga nini. Karanga, nikasema, na vitunguu saumu. Akatikisa kichwa, akasema mama mkwe wake naye alikuwa akitwanga vitunguu saumu sakafuni na watu wa chini walilalamika mpaka akaacha.

Kwa wanaopenda vipimo: tangu Januari 2023 kiwango cha kawaida cha mshindo wa moja kwa moja (majengo ya zamani kama hili huongezewa kidogo), wastani wa dakika moja, ni desibeli 39 mchana na 34 usiku, na usiku maana yake ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kuna pia kilele: 57 mchana, 52 usiku, na kikivukwa mara 3 ndani ya saa moja inahesabika kuwa umevunja kiwango. Maji ya bafuni na chooni hayahesabiwi. Kuna kituo cha ushauri kilichoundwa 2012 chini ya Wizara ya Mazingira ambacho hupokea simu, hutembelea na hata kupima. Hatukufika huko. Sikuona haja ya mtu wa mashine kuja kuthibitisha kinu.

Daftari lake ndilo lililogeuza mambo. Lilikuwa na tarehe na saa, kwa mwandiko mdogo, na kelele za aina tatu. Ya kwanza kinu. Ya pili mbio za alfajiri, nazo mama alizikubali. Ya tatu ni kitu kizito kinachoburutwa na kuangushwa saa 7 usiku. Mama akakataa: saa 7 usiku kwetu wote tumelala. Jirani akafunga mdomo kwa namna ya mtu aliyeshazoea kudanganywa. Nikaomba kuona tarehe. Siku mbili kati ya hizo ziliangukia kwenye sikukuu ya Chuseok, mwanzoni mwa Oktoba, ambapo familia nzima ilikuwa mji mwingine, Ansan, kwa marafiki. Mama alikuwa na picha kwenye simu, zenye tarehe. Nyumba ya ghorofa ya 7 ilikuwa tupu, na kelele zilikuwepo.

Mkuu wa ofisi hakushangaa hata kidogo. Alisema kwenye majengo haya ya kuta, mshindo wa mtu wa ubavuni au wa ghorofa mbili juu unaweza kusikika kana kwamba unatoka darini kwako, na kwamba watu wa ghorofa ya 5 waliwahi kuandika lalamiko linalofanana. Mwenye kitu hicho hajajulikana hadi leo. Lakini wiki nzima ya ufagio wa saa 7 usiku ilikuwa imemwendea asiyehusika, na jirani alilielewa hilo bila mtu kumwambia.

Mabadiliko ya nyumbani yalikuwa mepesi kuliko nilivyotarajia. Kinu kimehamia kwenye kabati la balkoni. Mama alipata sokoni duka la kusagia, bangatgan, pale ambapo bibi wa Kikorea hupeleka pilipili kavu na kukamua mafuta ya ufuta. Anapeleka karanga zake zilizokaangwa, anasagiwa huku akiangalia, na anadai ladha imepungua kidogo tu. Vitunguu saumu vilivyosagwa vinauzwa kila duka. Watu wazima wanavaa ndala nene za ndani. Sebuleni kumetandikwa magodoro ya kukunja ya sentimita 4, ambayo yanameza kijiko kikidondoka na kiti kikiburutwa, ila mtoto akiruka bado zege linatikisika. Yanayouzwa kwa ahadi ya kumaliza kila kelele yasikufilisi. Yule wa miaka 3 hushushwa uwanja wa michezo jioni hadi achoke. Alfajiri imeshindikana. Anaamka saa ileile, na tumelikubali.

Wiki moja kabla ya Suneung nilimshauri mama apeleke chapssaltteok, keki za mchele unaonata, ambazo watahiniwa hupewa ili wanate kwenye chuo wanachokitaka. Aliziacha kwa mlinzi, na kadi. Jibu lilikuja kwenye simu siku mbili baada ya mtihani: asante, mwanangu alizila, saa 7 usiku bado kuna kitu kinaburutwa, najua si ninyi.

Baba hajasamehe ule mlango. Anasema hata kama ni usiku, mtu angezungumza kupitia spika ya mlangoni, aseme neno moja. Kwa hilo namuunga mkono, maana ile mitambo ina kitufe cha kusemea. Anataka wahame kabisa. Mama anataka wabaki kwenye majengo hayohayo, wahamie ghorofa ya 1, ile ya chini kabisa, kwa sababu mkubwa ameshazoea shule na yeye ameshazoea soko. Mkataba wao ni wa miaka 2. Anayetoka kabla, kwa mazoea ya huko, ndiye anayetafuta mpangaji wa kumrithi na kulipa ada ya dalali, na amana yake hurudi mrithi akipatikana. Jumamosi iliyopita mama alikwenda na dalali kuangalia nyumba ya chini. Ina unyevu, na watu wanapita dirishani. Swali lake la kwanza lilikuwa kama chini ya sakafu ile anakaa mtu.